Karatasi ya Njia ya Mto Kanzela

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka 1975, Nkulu alifungua dirisha la ofisi yake saa moja na nusu kama kawaida, akatemea mate kidau cha wino kilichokauka, akaujaribu mhuri kwenye kiganja chake. Ulishika. Nje palikuwa na foleni ya watu kumi na wanne na mbuzi mmoja. Ilikuwa baridi ile ya kiangazi cha Kolwezi, inayomfanya mtu aongee akiwa ameuma meno, na watu walikuwa wamejitanda mablanketi.

Kazi ya Nkulu ilikuwa kuandika karatasi za njia. Miaka ile ya Zaïre mtu hakutoka zone moja, yaani wilaya moja, kwenda nyingine bila karatasi hiyo. Awe anaenda kuzika, kuoa au kuuza mikungu miwili ya ndizi, lazima asimame mbele ya dirisha na kujibu. Jina. Umri. Kazi. Anatoka wapi, anaenda wapi. Sababu ya safari. Muda wa kukaa. Nkulu alikuwa ameyajaza hayo kwa miaka tisa, na mkono wake ulijua majibu kabla mtu hajafungua mdomo. Kwenye sababu aliandika kutembelea ndugu, maana hiyo ndiyo sababu ambayo hakuna askari aliyewahi kuiulizia. Kwenye muda aliandika siku tatu, maana zaidi ya siku tatu ilitaka Kamishna wa zone aandike barua ipande mpaka juu, na Kamishna Kyungu hakuwa mtu wa kusumbuliwa ovyo.

Nkulu alikuwa akimwandikia mwenye mbuzi pale Alimasi, askari wa kizuizi cha mpakani, alipofika na baiskeli. Aliwapita wote kwenye foleni kwa kuwa alikuwa na bunduki, na hakuna aliyenung'unika.

“Tata Nkulu,” alisema, “mto Kanzela uko pa barrière tangu jana asubuhi. Unangojea karatasi.”

Nkulu alimalizia kuandika jina la mwenye mbuzi.

“Uko peke yake?”

“Uko na samaki.”

“Samaki ni kama batoto. Banaingia mu karatasi ya mukubwa.”

“Basi uko peke yake,” Alimasi alisema.

Tuseme ukweli, kosa lilianzia kwenye kifungu cha nne. Zone tatu zilikuwa zikigombania Kanzela kwa miaka. Zone ya juu ilikuwa na kiwanda cha kusafisha shaba na mabomba ya mji. Zone ya kati ilikuwa na mashamba ya vitunguu, na zone ya chini ilikuwa na wavuvi na wanawake wa mihogo. Kila kiangazi huyu alifunga maji, yule akaenda kuyafungulia kwa nguvu, na mwaka 1973 mtu alipoteza jicho kwa ajili ya lango moja la mbao. Ndipo wakubwa wa zone zote tatu wakakaa chini kama watu wenye akili. Waliunda Komite ya Bonde la Kanzela. Walikutana mara sita, wakala kuku, wakaandika makubaliano ya vifungu kumi na kimoja, na kwa kweli yalikuwa makubaliano mazuri. Nkulu mwenyewe ndiye aliyeyapiga chapa. Kifungu cha nne kilisema kwamba maji hayatavuka mpaka wa zone yoyote bila idhini ya maandishi ya zone yanakotoka. Walikuwa wanafikiria malango ya mbao. Lakini hawakuandika malango, waliandika maji, na makubaliano yalipoanza kufanya kazi siku ya Jumapili, mto ulifika mpakani ukasimama.

Nkulu alifunga dirisha, akapanda nyuma ya baiskeli ya Alimasi, akaenda kuona, kwa sababu kwenye karatasi kuna sehemu ya umri na hakutaka kubuni.

Kizuizi kilikuwa mti mmoja mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kibanda cha bati, na benchi. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya ule mti, wima, kimo cha mlango wa nyumba, bila kitu cha kuyashika. Yalikuwa safi hata ungeweza kumwona samaki akigeuka ndani na kukutazama. Watu wengine waliokuwa wakingoja karatasi zao walikuwa wamekaa kwenye benchi, karibu na mto, wakila karanga.

Chini ya maji, kwenye sakafu ya mto, matope yalikuwa yakipita. Yalikuwa ya kijivu chenye ukijani, mazito, hayana haraka. Yalitoka kwenye bomba la kiwanda na kuvuka mpaka bila kusimama, na kila baada ya muda Alimasi aliunyanyua mti kidogo ili yasijikwae.

“Na hii?” Nkulu aliuliza.

“Hii iko na karatasi ya daima. Ilitoka Kinshasa. Mi sijaiona, lakini balisema iko.”

“Tangu jana inapita yenyewe tu?”

“Yenyewe tu.”

“Sasa kule Katobio banakunywa nini?”

Alimasi alifikiri.

“Banakunywa hii,” alisema.

Hapo Nkulu aliingiwa na hofu, na hofu ilikuwa na jina. Katobio ni kijiji cha kwanza cha zone ya chini, ukingo wa kushoto, na dada yake mkubwa Adolphine alikuwa ameolewa huko. Adolphine ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alifanya kazi ya mihogo: anailoweka mtoni siku tatu nne mpaka itoe uchungu wake, anaianika, anaitwanga unga wa bukari, ugali wa kule. Alibakiwa na mtoto mmoja, Simone, msichana wa miaka minne. Tangu mvua za mwaka ule miguu ya mtoto ilikuwa imetoka vidonda ambavyo havikutaka kufunga. Sista wa zahanati alimpa dawa nyeupe na kumwambia neno moja: mwoshe kwa maji safi kila siku, usiache, maana vikifika kwenye mfupa mtakuja kwangu kuukata mguu, kama atakuwa bado yupo. Adolphine hakuacha. Alimwosha kila siku asubuhi na jioni, kwa maji ya Kanzela, na kisima cha kijiji nacho kilitoa maji hayo hayo.

Nkulu aliketi kwenye benchi, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika. Jina, Kanzela. Umri, mtu mzima. Kazi, mto. Anatoka zone ya juu, anaenda zone ya chini. Sababu ya safari, kutembelea ndugu. Muda wa kukaa, siku tatu. Mkono ulikwenda wenyewe, yeye akili yake ilikuwa kwenye miguu ya Simone. Akagonga mhuri.

Alimasi aliiangalia karatasi kwa muda wa heshima, ingawa hakujua kusoma, akaiweka juu ya maji na kuunyanyua mti. Mto ukateremka taratibu, kama watu wanaotoka kanisani, karatasi ikielea mbele, ukaingia Katobio Jumanne asubuhi. Kwa kuwa maji yalikuwa na karatasi yao na matope yalikuwa na yao, havikuchanganyika tena. Matope yalishika ukingo wa kulia, maji ukingo wa kushoto, na katikati palibaki mstari mkavu upana wa kidole.

Habari za Katobio zililetwa Alhamisi alasiri na Masudi. Huyu alikuwa mwenye lori, mtu wa asili ya Kasongo, aliyebeba unga, mkaa na salamu za watu kutoka Lubudi mpaka Kolwezi kwa kupitia Tenke. Alisimamisha lori mbele ya dirisha, akashuka, akanawa uso kwanza.

“Yaya wako Adolphine alisema nikuambie neno moja tu,” alisema. “Mutoto alilala.”

“Alilala vipi?”

“Alilala usiku muzima. Hakulia. Bidonda binakauka, mi mwenyewe niliona, binafanya ngozi ya mupya. Leo asubuhi aliomba bukari na samaki ya ndakala. Adolphine anamuosha mara tano kwa siku. Anasema mayi iko masafi mupaka anaogopa kuitumia.”

Nkulu alifurahi. Alikuwa amefiwa na mkewe miaka miwili iliyopita na furaha ilikuwa imemtoka mwilini, ikabidi ajikumbushe namna yake. Alimpa Masudi kiti, akamwomba aisimulie habari yote tena tangu mwanzo.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, siku tatu zikiwa zimekwisha, mto ulirudi. Ulipanda mlima kwa mwendo ule ule ulioshukia, ukapita kizuizini, Alimasi akaiangalia karatasi na kuukubali. Haukurudi mikono mitupu. Hili nalo halikuwa na ajabu, ukijua desturi za kule. Mgeni aliyekuja kuwatembelea ndugu haachwi aondoke hivihivi. Wanamsindikiza mpaka mwisho wa kijiji na kumbebesha kitu, kikapu cha unga au kuku, na kama hakuna kingine basi hata kuni. Mkubwa wa Katobio alikuwa ameisoma karatasi ilipofika ikielea, akaona sababu ya safari, akawaambia watu wake kwamba huyu amekuja kwetu kama ndugu, tusije tukajiaibisha. Basi Alhamisi jioni walimkusanyia mgeni walichokuwa nacho. Walikuwa na mihogo iliyogeuka kijani mtoni. Walikuwa na nyavu zilizoliwa. Zaidi ya yote walikuwa na matope, ya miaka kumi na zaidi, yaliyokaa kwenye vidimbwi, kwenye mashina ya mianzi na chini ya visima. Wanawake waliyafunga kwa majani, mafurushi mafurushi, wakayatia mtoni, wakausindikiza mto mpaka kwenye kona kwa nyimbo.

Mto ulifika nyumbani na kuutua mzigo. Uliweka sehemu kwenye bustani ya Kamishna Kyungu, juu ya maua. Sehemu uliweka kwenye bwawa la kuogelea la klabu ya wakubwa, mpaka ukingoni, na juu yake mihogo. Mafurushi yaliyobaki, ambayo yalikuwa mengi, uliyapanga vizuri kwenye mdomo wa bomba la kiwanda. Kisha ukarudi pale mpakani ukasimama, ukingoja karatasi nyingine.

Komite ilikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa chama. Kamishna Kyungu alikaa katikati, na viatu vyake vilikuwa na matope. Kulia kwake alikaa Kalala, mjumbe wa zone ya kati, mzee wa Musumba aliyehamia kwenye vitunguu. Kushoto alikaa Mama Tshibola, mjumbe wa zone ya chini, ambaye alikuwa amesafiri siku nzima na bado hakuwa amepewa maji ya kunywa. Nkulu alikaa pembeni na mashine ya chapa.

“Nani aliandika siku tatu?” Kamishna aliuliza.

“Ni mi, Citoyen Commissaire.”

“Juu ya nini?”

“Njo vile tunaandikaka.”

Kamishna alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na alijua kwamba kweli ndivyo wanavyoandika.

Mama Tshibola aliomba neno. Alisimama, akarekebisha kitambaa chake kiunoni.

“Mulitutumia mugeni,” alisema. “Tulimupokea, tulimupa bile tuko nabyo. Kama ile tuko nayo ni matope, ile si sisi tulinunua ku soko. Mi naona karani alifanya muzuri. Mumuache aandike siku tatu, kisha siku tatu, kisha siku tatu. Mto unashuka masafi, batoto banaoga, unarudia na matope kwa mwenyewe. Mwaka moja tu, matope kwetu itakuwa imeisha. Hatuombi kitu ingine.”

Kalala alisema kwamba kwa upande wa vitunguu hana shida, maana mto unapopita kwenda na kurudi wanamwagilia mara mbili. Alisema hata wajukuu wake wameacha kukohoa. Alisema anaunga mkono.

Zone mbili zilikuwa zimekubaliana, na ya tatu ilikuwa ikiangalia viatu vyake. Nkulu aliacha kupiga chapa. Kwa muda mfupi alimwona Simone akiwa na miaka kumi, akipanda lori la Masudi kwa miguu yote miwili, na aliliona jambo hilo waziwazi kabisa, mpaka rangi ya viatu.

Halafu Kamishna alitoa barua mfukoni mwa koti lake la abacost. Ilikuwa barua ya kiwanda, ya mistari minne. Ilisema mdomo wa bomba umeziba. Ilisema matope yale yana ruhusa ya kwenda, hayana ruhusa ya kurudi. Ilisema bomba lisipofunguka kufika Jumatatu, kiwanda kitasimama, na sababu ya kusimama kwake itaandikwa na kupelekwa Kinshasa pamoja na majina. Kamishna aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Alipoyafikia maneno pamoja na majina, Kalala alisema kwamba vitunguu, kwa kweli, ukivimwagilia sana vinaoza.

Basi walirekebisha makubaliano. Badala ya karatasi mbili ingekuwepo moja, ili kurahisisha kazi: Mto Kanzela pamoja na mizigo yake. Muda wa kukaa, daima. Pasipo kurudi. Kwa kuwa zone haikuwahi kuwa na mhuri wa neno daima, Kamishna alikuwa ameagiza mmoja uchongwe tangu asubuhi, wa mpira mwekundu, na ulikuwa tayari mezani kwenye kikaratasi.

“Mi nakataa,” Mama Tshibola alisema. “Iandikwe kama nilikataa.”

“Itaandikwa, mama,” Kamishna alisema kwa upole.

Nkulu aliandika. Mihtasari yote ya Komite ilimalizika kwa sentensi ileile, na vidole vyake vilipofika mwisho wa ukurasa vikaipiga kama vilivyozoea: Wajumbe wote walikubaliana kwa kauli moja. Aliiona ilipokwisha kupigwa. Kulikuwa na nakala tano chini yake na kaboni katikati, na kufuta kungechafua zote. Aliiacha.

Kisha alipewa mhuri mpya augonge, maana yeye ndiye karani. Aliushika. Alijua anachokifanya, tusimwonee kwa kusema hakujua. Akagonga, na watu wakapiga makofi. Mpakani, Alimasi alisema baadaye, ule mstari wa upana wa kidole ulifutika saa hiyohiyo, na maji yakawa rangi ya matope, yakavuka bila kusimama na bila kumwangalia mtu.

Zone zile tatu hazikugombana tena. Mwezi wa nane wakubwa walikuja kutoka mbali, wakachezewa ngoma za chama ukingoni, wakapongeza Komite kwa namna watu wa bonde moja wanavyoweza kuelewana. Mama Tshibola alikuwepo. Alikaa mstari wa pili.

Vidonda vya Simone vilifunguka tena ndani ya wiki moja. Masudi ndiye aliyeleta habari, na safari hii hakunawa uso.

“Kumi na kimoja,” alisema. “Bile bya zamani na kimoja ya mupya. Yaya wako anauliza kama mutoto anaweza kuya kukaa kwako. Kwako kuna robinet.”

Kwa Nkulu kulikuwa na bomba kweli, uani, lenye maji yaliyotoka mtoni upande wa juu wa kiwanda. Nkulu alikwenda kwa Kamishna. Alisimama mbele ya meza akaeleza habari ya mguu na mfupa, akaomba ule mhuri mwekundu, mara moja tu. Kamishna alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema anamwelewa, naye ni mzazi. Lakini mhuri wa daima umeandikishwa kwa ajili ya mto na mizigo yake, haukuandikishwa kwa watu. Mtu akitaka kuhama zone ni lazima barua ipande mpaka juu na kushuka. Aliandika barua hiyo hapohapo, kwa mkono wake, ikapanda.

Haikushuka. Ikabaki kama ilivyo kwa watu wote: siku tatu, na ukirudi unangoja siku thelathini ndipo uombe tena.

Kwa hiyo Nkulu aliandika karatasi ya Simone mwenyewe. Majina ya Kizungu hayakuruhusiwa tangu mwaka 1972, hata yeye hakuna aliyemwita Polycarpe tena isipokuwa Adolphine, na Adolphine kwa sauti ya chini. Aliandika jina la bibi wa mtoto, Mbayo. Umri, miaka minne. Kazi, hana. Sababu ya safari, kutembelea ndugu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ilikuwa kweli. Muda wa kukaa, siku tatu. Akaikabidhi kwa Masudi.

Jumanne Simone alishuka kwenye lori mbele ya nyumba ya Nkulu, akiwa amevaa gauni la njano, na miguu yake ilikuwa laini, haina kitu. Masudi alieleza. Kizuizini Alimasi aliomba karatasi isomwe, akasikia kwamba imeandikwa jina la mtoto peke yake. Haikusema pamoja na mizigo yake. Basi alimkalisha Simone kwenye benchi, akavitoa vidonda kimoja kimoja, akaviweka kwenye gazeti, ndani ya kibanda, pasipo jua. Hakumwumiza. Alikuwa na mkono mwepesi, Masudi alisema.

Simone alikaa siku tatu. Nkulu alimchemshia maji asubuhi na jioni ingawa hakukuwa na cha kuosha, na alimwosha hata hivyo. Mtoto alikula bukari na ndakala, akamaliza. Alikimbia uani akizunguka bomba mpaka akaanguka kwa kucheka. Jioni ya tatu aliuliza kama kesho pia yupo. Nkulu alisema tutaona. Alichukua karatasi ya mtoto, akaongeza sifuri ndogo baada ya 3, ikawa thelathini, akaingoja ikauke. Wino ulikauka, na asubuhi sifuri haikuwepo.

Siku ya nne, saa moja na nusu, Simone alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini, akasimama, na miguu yake ikaanza kuelekea mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa bado anaangalia mkate.

“Tonton,” alimwambia mjomba wake, “miguu inaenda.”

“Najua, mama,” Nkulu alisema. Alimfungia mkate kwenye kitambaa na kumshika mkono.

Hakwenda ofisini asubuhi ile. Alipanda lori la Masudi pamoja na mtoto mpaka kizuizini. Kanzela ulikuwa unapita, wa kijivu, na juu ya jiwe la mpaka Komite ilikuwa imepigilia kibao chenye majina ya zone tatu. Alimasi alitoka kibandani na gazeti mikononi, amelisawazisha vizuri lisimwage kitu. Nkulu alimsogelea.

“Alimasi, ndugu yangu. Bakia nabyo.”

“Ningebakia nabyo,” Alimasi alisema. “Lakini nilitia kidole ya wino mu kitabu. Bitu bya kuacha pa barrière binarudiaka kwa mwenyewe.”

“Bitupe mu mayi.”

Alimasi aliutazama mto, kisha akamtazama Nkulu, na Nkulu alielewa kwamba kuvitupa mle ni kuvipeleka Katobio kwa njia nyingine.

Simone alikuwa ameshakaa kwenye benchi na kuikunjua miguu yake mbele. Alimasi alipiga magoti, akavirudisha kila kimoja mahali pake, akianzia kwenye vifundo na kupanda. Mtoto alifumba jicho moja, basi. Alimasi alipomaliza aliinuka, akapangusa magoti ya suruali, akaanza kulikunja gazeti.

“Unasahau kimoja,” Simone alisema. “Kile cha nyuma ya goti.”

Alimasi alilifungua gazeti. Kilikuwepo, kimejificha kwenye mkunjo. Simone akageuka ili kumrahisishia, akanyanyua gauni lake kidogo, akasubiri mpaka kikakaa.

“Aksanti, tata,” alisema, maana Adolphine alikuwa amemlea vizuri.